Barua ya wazi kwa wakuu wa viwanda vya magari: zile sekunde mlizokata, tunazidai

Kwa wakurugenzi, mameneja wa uzalishaji na wakuu wa ubora katika viwanda vinavyotengeneza na kuunganisha magari.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa chumba cha hadubini. Kazi yangu ni kuosha sehemu za gari, ila sizioshi ili zing'ae. Sehemu ikiletwa naisuuza kwa kimiminika kilichochujwa, nakikinga chote, nakipitisha kwenye karatasi ya chujio, naikausha ile karatasi na kuipima kwenye mzani mdogo unaokaa ndani ya kabati la kioo. Kisha naiweka chini ya hadubini na kusoma kilichobaki: hii chenga ni chuma, huu ni uzi wa nguo, hii plastiki, hii ngozi ya mtu. Kabla ya hapo nilifunga breki kwenye laini ya kuunganisha magari kwa miaka tisa. Kwa hiyo mkinisikia nawatetea watu wa laini, mjue mgongo wangu bado ni wa kule.

Nawaandikia kuhusu vifaa nyeti. Gari la leo limejaa vitu vinavyohisi, vinavyopima na vinavyoona: sensa za magurudumu, sensa ya hewa inayoingia kwenye injini, nozeli za mafuta, vali za breki, kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada ndani ya bampa. Kila toleo jipya vinaongezeka, na kila mpango mpya wa laini unapunguza muda wa kuvishika. Mpango huo mnausaini nyinyi, ndiyo maana sikumwandikia msimamizi wangu wa zamu. Yeye, maskini, anapokea tu.

Nianze na kijipande cha bluu.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, magari yalianza kukwama kwenye jaribio la breki. Si mengi, moja leo, mawili keshokutwa. Gurudumu moja lilikuwa likibana na kukataa kuachia. Tatizo lilikuwa kwenye bloki ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki ikikanyagwa kwa nguvu; ni kile kipande cha alumini kilichotobolewa njia za mafuta ya breki na kupachikwa vali ndogondogo ambazo kazi yake ni kufungua na kufunga presha mara nyingi kwa sekunde. Wakabadilisha bloki, gari likapita. Likaja jingine. Wakabadilisha tena. Ya tatu ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna chumba chenye hadubini.

Niliifungua taratibu, nikaweka kiti cha vali chini ya lenzi, nikageuza taa itokee ubavuni. Pale, kati ya kiti na kichwa cha vali, palikuwa na kijipande cha bluu kilichojikunja kama ukucha uliokatwa. Urefu wake ulikuwa kama nusu milimita. Kwa jicho tupu ungesema ni nukta ya kalamu. Nikakigusa kwa ncha ya sindano, kikapinda na kurudi. Plastiki.

Sasa, ndani ya bloki ile hakuna kitu cha bluu. Alumini ni ya kijivu, vali za chuma, mipira myeusi. Kitu pekee cha bluu kilikuwa nje, nacho ni vifuniko ambavyo msambazaji anaziba navyo matundu ili uchafu usiingie njiani. Nilivua koti la maabara nikashuka kwenye laini kwenda kutazama. Kijana wa kituo kile alikuwa akiving'oa vifuniko kwa bisibisi. Anapenyeza ncha ukingoni, anabinya, kifuniko kinaruka. Haraka na safi, mtu asiyejua angemsifu. Lakini kila ncha ilipopenya ilikuwa ikikwangua ukingo wa plastiki, na kilichokwanguliwa kilikuwa na njia moja tu ya kwenda: chini, ndani ya tundu.

Nikamuuliza kwa nini hatumii vidole. Akanipa glavu yake na bloki moja, akasema, "Haya kaka, jaribu." Nilijaribu. Vidole vyenye glavu viliteleza. Kifuniko kilikuwa kimelala sawa na alumini, hakina mdomo wala mkia wa kushika. Kwa kucha tupu ningeweza, ila kanuni inasema glavu, na kanuni hiyo ni sahihi. Bloki ilikuwa na matundu sita na yeye alikuwa na sekunde zake za kituo, zinazohesabiwa kwenye taa juu ya kichwa. Bisibisi ilikuwa jibu lake kwa swali ambalo sisi wengine hatukuwahi kumuuliza.

Ripoti ya tukio iliandika: uzembe wa mfanyakazi. Dawa ilikuwa kifuniko chenye kimkia cha kuvutia. Ilichukua wiki kumi na moja za vikao kukipata, kwa sababu vifuniko vilikuwa chini ya idara ya manunuzi, nao manunuzi walikuwa wanasubiri ubora, na ubora walikuwa wanasubiri sahihi. Kijana alipewa barua ya onyo. Kifuniko kilibadilishwa. Barua haikuondolewa kwenye faili lake.

Sijaleta kisa hiki kwa sababu ni cha ajabu. Nimekileta kwa sababu ni cha kawaida mno.

Tuweke ukubwa wa mambo mahali pake. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70, yaani sehemu 70 kati ya 1,000 za milimita. Ndani ya nozeli ya dizeli ya kisasa, nafasi kati ya sindano na mwongozo wake ni mikroni chache tu, na mafuta yanayopita hapo yana presha inayoweza kuvuka mara 2,000 ya hewa tunayovuta. Chenga ngumu ya chuma ikikwama hapo haihitaji kuwa kubwa. Itakwaruza, mafuta yatapenya mkwaruzo, na sindano itaanza kuchelewa kufunga. Kwenye bodi za elektroniki, chenga inayopitisha umeme ikilala kati ya miguu miwili ya sakiti imetosha kuiunganisha. Kwenye sensa ya gurudumu inayosoma pete ya sumaku, unga wa chuma unajikusanya wenyewe, maana sumaku haichagui wageni.

Hapa ndipo nataka tugombane kidogo, kwa heshima zote.

Mkisikia neno usafi, mnafikiria chumba. Mmejenga vyumba vizuri sana, vyenye kuta za kioo, mashine za kuchuja hewa, na dirisha la wageni kuchungulia. Nami sivipingi. Wazo hilo lina historia ya kuheshimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara za Sandia nchini Marekani alibuni chumba ambacho hewa iliyochujwa inapita kwa mkondo mmoja tulivu na kutokea chini kupitia sakafu yenye matundu, ikibeba vumbi na kuondoka nalo badala ya kulizungusha humo humo. Utengenezaji wa chipu za kompyuta umesimama juu ya wazo hilo hadi leo. Lakini kiwango kinachopanga madaraja ya vyumba hivyo, ISO 14644, kinahesabu chembe za kati ya mikroni 0.1 na 5. Huo ndio uchafu unaoelea. Chembe ya mikroni 1 katika hewa iliyotulia inaweza kukaa angani kwa saa nyingi, hivyo chujio kina nafasi ya kuikamata.

Uchafu wetu hauelei. Chembe zinazokwamisha vali za breki ni za mikroni 100, 200, 500, tena za chuma. Chenga ya namna hiyo ikitoka kwenye bolti inaanguka chini muda ule ule kama punje ya mchanga. Chujio la darini halitaiona kamwe. Itaangukia kilichopo chini yake, na kilichopo chini yake mara nyingi ni tundu lililofunguliwa mapema. Kwa hiyo mnaweza kuwa na chumba chenye hewa safi kuliko ya milimani, na bado vali zikaharibika kila wiki, kwa sababu uchafu unaozaliwa juu ya meza haujui kwamba mmelipia hewa.

Watu wa fani yetu walishaliona hili. Ndiyo maana magari yana kiwango chake, ISO 16232, kilichotoka mwaka 2007 na kuandikwa upya 2018, kinachopima uchafu ulio kwenye sehemu yenyewe badala ya ulio angani. Wajerumani nao, katika VDA 19, mwongozo wa chama chao cha viwanda vya magari, wametenga juzuu nzima kwa ajili ya mahali pa kuunganishia: meza, vyombo, vifungashio, mikono, na kitendo chenyewe cha kufunga. Juzuu hiyo ipo kwenye rafu zenu. Ile niliyoikuta mimi ilikuwa bado na nailoni yake.

Kitendo chenyewe cha kufunga, narudia. Bolti ikiingia kwenye uzi wake inasuguana, na msuguano unatoa unga. Ukisukuma kipande ndani ya kipande kingine kwa nguvu, kingo zinakwanguka. Ukichomeka plagi ya umeme mara tatu kwa sababu ya kwanza na ya pili hazikukaa sawa, umetoa chenga mara tatu. Hakuna mtu mchafu hapo, kazi ndiyo inayozaa. Linaloweza kupangwa ni nini kiwe wazi wakati huo. Nimeona kituo ambapo bolti za mabano zilikuwa zinafungwa sentimita nne juu ya mdomo wa bomba la mafuta lililokwisha kufunguliwa, kwa sababu tu pipa la kutupia vifuniko lilikuwa kituo cha nyuma yake. Tulihamisha pipa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya uhandisi: kuhamisha pipa la takataka hatua sita, ili kifuniko kitoke baada ya bolti badala ya kabla.

Na kamera ni hivyo hivyo. Zinakuja na karatasi ya kinga juu ya lenzi. Ukitaka lenzi ifike safi, karatasi itoke mwisho kabisa, kabla tu ya kuipandisha nyuma ya kioo. Lakini kwenye laini nyingi inatolewa mwanzo, pale trei inapofunguliwa, kwani ndipo penye mkono ulio huru. Baadaye lenzi inaguswa, mtu anaifuta kwa kilicho karibu, na kilicho karibu ni tambara lililofuta kitu kingine asubuhi. Kidole kinaacha mafuta, tambara lenye chenga linaacha mikwaruzo, na mkwaruzo haufutiki.

Sasa tuje kwenye upepo.

Kila fundi anapenda kupiga upepo. Bunduki ya hewa ya kompresa inaning'inia kila kituo, ukiibonyeza inalia kwa raha, na kitu kinaonekana kimekuwa safi. Nimeipenda pia. Lakini tujiulize uchafu umekwenda wapi. Haukufa. Umehama kutoka kwenye kipande kilicho mbele yako kwenda kwenye trei ya jirani yako, au umesukumwa ndani zaidi ya tundu lile lile ulilotaka kulisafisha. Hewa yenyewe nayo, kama vichujio vya kompresa havijabadilishwa, inakuja na matone ya mafuta na maji. Niliwahi kupuliza bunduki moja kwenye karatasi nyeupe ya chujio kwa sekunde kumi. Karatasi ilipata duara la kahawia katikati kama sahani iliyowekwa kikombe. Duara hilo ndilo tulilokuwa tunalipuliza kwenye sensa za hewa, zile zenye waya mwembamba unaopashwa moto, ambazo mafuta yakizipaka zinaanza kutoa hesabu ya uongo kuhusu hewa inayoingia kwenye injini.

Ombi langu juu ya hili ni la wazi: ondoeni bunduki za upepo kwenye vituo vyote ambapo kuna tundu lililo wazi. Wekeni mashine za kunyonya. Kunyonya ni polepole na hakuna raha, nakubali. Ila kilichonyonywa kinakwenda kwenye mfuko.

Kuhusu maboksi nitasema kwa ufupi, maana mnajua na mmekataa. Karatasi ngumu inatoa nyuzi kila inapochanwa, kila inaposuguana, hata ikikaa tu. Isivuke mlango wa eneo safi. Sehemu zihamishiwe kwenye trei za plastiki nje ya mlango. Na trei zioshwe! Kiwanda kinanunua trei za kuzungushwa kati yake na msambazaji, kinazisifu kwamba zinaokoa gharama, kisha zinazunguka mwaka mzima bila kuonja maji. Chini ya trei moja niliokota chenga za alumini, kipande cha utepe wa gundi, na bawa la mdudu. Trei hiyo ilikuwa inabeba nozeli.

Mavazi pia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwa wakisema juu ya sweta la pamba ndani ya koti la nailoni, ila lingewafaa kama mfano. Koti linalofungwa hadi shingoni halina maana kama mikono ya sweta inatokeza. Glavu zinakilinda kifaa dhidi ya jasho na mafuta ya ngozi, lakini glavu iliyoshika mlango, simu na pua si glavu tena, ni tambara lenye vidole. Watu wazibadilishe mara nyingi, na msiwahesabie jozi kama mnawagawia dhahabu.

Kuna uchafu mwingine ambao hata hadubini yangu haiuoni. Silikoni ni mmoja. Imo kwenye mafuta mengi ya kupaka mikononi, kwenye dawa za kupulizia zinazolainisha mipira, kwenye gundi za kuzibia. Kiasi kidogo sana kikifika kwenye bodi la gari kabla ya rangi, rangi inajitenga na kuacha vishimo vya mviringo. Mvuke wake ukifika kwenye sensa ya oksijeni ya ekzosi, unaipaka utando inapopata moto, na sensa inakufa kabla ya siku zake. Ndiyo sababu idara za rangi zinapiga marufuku vipodozi vyenye silikoni. Sasa mfanyakazi anayenawa kwa kemikali mara ishirini kwa zamu, ngozi imempasuka, mnamkataza mafuta yake bila kumpa mengine. Atapaka tu, kwa kificho. Wekeni chupa ya mafuta yasiyo na silikoni kando ya kila sinki, ni rahisi kuliko kupekua mifuko ya watu.

Umeme tuli unaojikusanya mwilini ni mwingine. Mtu huanza kuusikia mshtuko ukifika kama volti 3,000, ilhali kuna vijenzi vya elektroniki vinavyoumia chini ya volti 100. Yaani unaweza kuua sensa bila wewe wala yenyewe kusikia kitu, na isife leo, ife baada ya miezi mikononi mwa mwenye gari. Umeme huo huo unavuta vumbi na kuligandisha kwenye plastiki. Mikanda ya mkononi ya kuuondoa umeme huo mmetugawia, nashukuru. Ila mita ya kuipimia ile ya mlangoni mliyotuwekea ilikuwa na betri iliyokwisha, na taa ya kijani iliyokuwa ikiwaka ilikuwa ya swichi ya ukutani nyuma yake. Tulipita hapo wiki nzima tukiikubali.

Mwisho wa vifaa ni vile tunavyopimia wenyewe, nao ni nyeti kuliko vyote, na ndivyo vinavyosahauliwa. Vipimo vya urefu duniani vinarejelewa kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, tangu mwaka 1931. Kipande cha chuma cha mita moja kinarefuka kwa mikroni 11 au 12 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na alumini karibu mara mbili ya hapo. Pamoja na hayo, nimefanya kazi na mashine kubwa ya kupimia iliyowekwa karibu na mlango wa kupakulia mizigo ili forklifti isitembee mbali. Mlango unafunguka, hewa inabadilika, vumbi linatua juu ya meza ya granaiti ambayo mikono ya mashine inateleza juu yake kwa utando wa hewa wa mikroni chache. Kidole cha mashine hiyo cha kugusia ni tufe dogo la rubi. Ukilisugua kwenye alumini siku nzima bila kulifuta, alumini inagandia kwenye rubi, tufe linanenepa upande mmoja, na mashine inaanza kukataa sehemu nzuri. Kwa wiki mbili kiwanda kilikuwa kinamlaumu mtengeneza bloki. Mimi nilikuwa nimeshika pamba yenye spiriti na hakuna aliyeniuliza.

Najua jibu lenu, kwa sababu nimeshalipewa: tunapima kila gari mwisho wa laini, mbovu haitoki. Naomba mfikirie chenga inavyoishi. Leo imelala kwenye kona ya njia ya mafuta ya breki, haigusi kitu. Gari linapimwa, linapita, linapewa muhuri. Baada ya kilomita mia kadhaa za mitikisiko na mafuta kwenda na kurudi, chenga inasafiri hadi kwenye kiti cha vali. Jaribio la mwisho wa laini linapima kama chenga imeshafika, halipimi kama ipo. Ndiyo maana nasema usafi unafungwa pamoja na bolti, saa ile ile. Ukipita kituo, umepita.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye sekunde. Nilikuwepo kwenye kikao ambapo mhandisi wa mpango, mtu mwungwana kabisa, alisoma orodha ya hatua za kituo na kuzifuta zile alizoziita zisizoongeza thamani. Kufuta mdomo wa tundu: sekunde 2, futa. Kuangalia ndani kwa tochi: sekunde 2, futa. Kubadilisha glavu: isihesabiwe, wafanye mapumzikoni. Hesabu yake haikuwa na kosa. Sekunde 4 mara magari 400 ni dakika 26 na ushei kwa zamu, na dakika 26 zinaonekana kwenye jedwali. Kisichoonekana kwenye jedwali ni kwamba kubadilisha bloki moja ya breki, kutoa hewa kwenye mfumo na kupima upya kulikula saa tatu za mafundi wawili. Saa hizo zinaandikwa kwenye kitabu cha idara nyingine, kwa hiyo kwenye kikao kile hazikuwepo.

Nikasema, na nasema tena hapa: mhandisi anayefuta hatua ya usafi aje kwanza chumbani kwangu akae siku mbili. Asome karatasi za chujio za kituo kile kabla ya kufuta na wiki mbili baada ya kufuta. Akiona hakuna tofauti, na afute, nitamshikia kalamu.

Ninayoyataka mengine si ya gharama kubwa kama chumba cha kioo. Mfungaji akiona uchafu ndani ya tundu awe na ruhusa ya kuvuta kamba na laini isimame, na asiitwe ofisini kujieleza. Msambazaji akishindwa kipimo cha usafi, sehemu zirudi, hata kama meneja wa manunuzi anamjua tangu shule. Karatasi za chujio zibandikwe kituoni kila wiki, zikuzwe kwa picha, ili anayefunga aone alichokipeleka ndani. Watu wa laini wanaelewa picha haraka kuliko tunavyowaelewa wao. Yule kijana wa bisibisi nilipomwonyesha kile kijipande cha bluu kwenye skrini alikaa kimya, kisha akaniuliza kama na zile za jana zilikuwa hivyo. Nilikuwa na karatasi za jana. Tukaziangalia pamoja hadi kengele ikalia.

Na yale maigizo ya siku ya wakaguzi tuyaache. Asubuhi hiyo sakafu inapigwa deki, trei zilizooshwa zinatolewa stoo, makoti mapya yanagawiwa, bunduki za upepo zinafichwa kabatini. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakaguzi wanapita, na saa nane mchana bunduki zimerudi kwenye ndoano zake. Kama mnajua siku hiyo kwamba zinapaswa kufichwa, basi mnajua.

La mwisho ni la kijana. Jina lake silitaji hapa. Kifuniko chenye mkia kinatumika sasa kwenye kila bloki inayoingia pale, na bisibisi imeondolewa kituoni. Naomba anayehusika, na anajijua, aende kwenye faili, aitoe ile barua ya onyo, na amwandikie nyingine ya kumwambia imetolewa.

Wenu katika kazi,

Fundi wa hadubini, zamu ya asubuhi